Mpiga Ngoma Alipoongeza Mwendo

"Mjomba, ni kweli kompyuta inaweza kwenda kasi kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi lake?"

Kweli kabisa, mpwa wangu. Na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kugusa. Wapo watu wazima wenye ndevu zao walioanza kwa kugusa, wakaja kuuliza baadaye kwa sauti ya kilio. Kaa hapa nikueleze.

Umeshawahi kuona watu wakimwaga zege la ghorofa bila mashine? Wanajipanga mstari, kutoka kwenye lundo la zege hadi juu darini. Hakuna anayekimbia. Kila mtu amesimama mahali pake, na karai ndilo linalotembea, mkono kwa mkono. Sasa weka hapo mpiga ngoma. Akipiga mara moja, kila mtu anampa mwenzake karai na kupokea jingine. Akipiga tena, hivyo hivyo. Pigo moja, karai moja.

Ndani ya kompyuta yupo mpiga ngoma. Usicheke! Yeye ni kipande kidogo cha kioo cha kwatzi, kimekaa kwenye ule ubao mkubwa ambao mafundi huuita mazabodi. Kikipata umeme kinatetemeka, na mtetemo wake hauyumbi. Katika kompyuta nyingi za mezani za zamani kilitetemeka mara milioni 14 na kitu kwa sekunde. Jirani yake ni chipu moja inayoupokea mtetemo huo, ikaufanya mapigo ya kasi zaidi, ikayasambaza ubao mzima. Mapigo milioni moja kwa sekunde ndiyo megahezi moja.

"Na makarai?"

Makarai ni data. Rangi za mchezo wako, sauti ya risasi, barua ya mwalimu, yote yanapita kwa makarai. Na mistari ya watu ni zile njia za shaba zilizochorwa kwenye ubao. Ziko njia kadhaa, na hapo ndipo hadithi inapoanza.

Nikupeleke mwaka 1998. Mwaka huo kampuni ya Intel ilitoa jozi ya chipu za mazabodi iliyoitwa 440BX, na mafundi wengi waliipenda mno. Juu ya ubao wa namna hiyo kulikuwa na mistari mitatu ya kukumbuka.

Mstari wa kwanza ulikuwa wa vijana, kati ya prosesa na kumbukumbu. Hao wana nguvu. Wanakwenda na ngoma pigo kwa pigo.

Mstari wa pili ulikwenda kwenye kadi ya picha, ile inayochora kila unachokiona kwenye kioo. Njia hiyo iliitwa AGP, na ilianza kuonekana kwenye mazabodi mwaka 1997. Mwendo wake halali ni megahezi 66.

Mstari wa tatu ulikuwa wa wazee. Uliitwa PCI, umetoka mwaka 1992, na mwendo wake ni megahezi 33. Hapo walisimama kadi ya sauti, kadi ya mtandao, na chipu inayoiongoza diski kuu. Diski ndiye mzee ninayempenda kuliko wote. Ndiye aliyesimama juu kabisa ya dari, akipokea karai la mwisho na kulimimina mahali pake. Alichokimimina kikikauka, kimekauka.

"Lakini mjomba, ngoma ni moja! Wazee wanawezaje kwenda 33 na mstari wa picha 66?"

Hodari! Hilo ndilo swali lenyewe, na wapo wanaojiita mafundi ambao hawajawahi kulifikiria. Ngoma ni moja, ndiyo. Ila kila mstari una hesabu yake ya kusikiliza. Ngoma ikipiga 66, vijana wanapokezana kila pigo. Mstari wa picha nao kila pigo. Wazee wanaruka moja, wanapokezana moja. Nusu ya 66 ni 33, kwa hiyo wazee wanapumua vizuri. Ngoma ikipandishwa hadi 100, hesabu inabadilika. Vijana bado kila pigo. Mstari wa picha unachukua mapigo mawili katika kila matatu, unabaki 66. Wazee wanachukua moja katika kila matatu, wanabaki 33. Hesabu hizo ndizo vigawanyo, na usalama wa ubao mzima umeshikwa na hivyo vigawanyo.

Sasa mwaka huohuo wa 1998 Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu iliyoitwa Celeron 300A. Yenyewe ilizidisha kila pigo la ngoma mara nne na nusu. Ngoma ya 66, ukizidisha kwa nne na nusu, unapata megahezi 300.

Unapiga hesabu kwa vidole? Umepata 297? Safi sana! Usikubali kitu cha mtu bila kukihesabu. Ni kwamba 66 ni kifupi tu cha 66 na theluthi mbili. Rudia, utaipata 300 yako.

Watu wakajiuliza: tukiipa ngoma ya 100 je? Mia mara nne na nusu ni 450. Wakajaribu. Celeron nyingi zikaenda 450 bila hata kutoa jasho! Mchezo uliokuwa ukijikokota ukawa laini. Mtu wa fedha kidogo akapata kasi iliyokaribiana na ya prosesa ya bei mbaya. Kuharakisha mapigo kwa namna hiyo mafundi wanakuita kuovakloki, na sifa yake ilienea sana kwa sababu ya kachipu haka.

Lakini tazama vizuri kwa nini lilikuwa jambo jema. Ngoma ilipofika 100, vigawanyo navyo vilibadilika. Picha ikabaki 66. Wazee wakabaki 33. Walioharakishwa ni vijana tu, prosesa na kumbukumbu, nao walikuwa na nguvu za akiba. Hakuna mzee aliyesumbuliwa.

Tatizo lilikuwa kwa wale ambao Celeron zao zilikataa 100.

"Wakafanyaje?"

Wakatafuta katikati. Mazabodi nyingi ziliruhusu ngoma ya 75, na nyingine 83. Wakasema, kama 100 imekataa, basi tuiweke 83. Kijana prosesa akakubali. Kompyuta ikawaka. Windows ikafunguka. Mchezo ukaenda. Wakashangilia.

Wamesahau wazee.

Maana katika 83 vigawanyo vilikuwa bado vile vya 66. Mstari wa picha ukapelekwa 83 badala ya 66. Mstari wa wazee, ambao ni nusu, ukafika karibu 42 badala ya 33. Kwa mwendo wa 33, kila pigo lilimpa mzee nanosekunde 30. Sasa amepewa 24.

"Nanosekunde ni nini?"

Ichukue sekunde moja, uigawe vipande bilioni moja. Kipande kimoja ni nanosekunde. Ndiyo, ni kidogo kupita kiasi, lakini kwa umeme si kidogo hivyo. Kwenye njia za shaba za ubao, ishara ya umeme inasafiri takriban sentimita 15 kwa nanosekunde moja. Na katika njia ya PCI haitoshi kufika tu. Ishara inakwenda mpaka mwisho wa mstari, inagonga, inarudi, na ni katika kurudi huko ndipo inapopata nguvu kamili. Halafu inapaswa kutulia kidogo kabla ya kusomwa. Karai lifike, lishikwe, litulie mikononi, ndipo ngoma ipige tena. Ukimnyang'anya mzee nanosekunde sita, umemnyang'anya ule muda wa kutulia.

Na sasa mwachie Mzee Diski aseme mwenyewe. Msikilize:

"Mimi sikuombwa ruhusa. Nilisikia tu ngoma inakwenda mbio. Nikasema, labda mwenye nyumba ana haraka. Nikajikaza. Karai la kwanza nikalipokea. La kumi nikalipokea. La elfu nikalipokea. Halafu likaja moja limemwagika njiani, limebaki nusu. Mimi kazi yangu ni kumimina. Sikuulizwa karai limejaa au halikujaa. Nikamimina."

"Kwa nini hakupiga kelele, mjomba?"

Hilo ndilo linaloniogopesha mimi katika habari hii yote. Hakupiga kelele kwa sababu hakujua. Data iliyoharibika njiani ilimfikia ikiwa na sura ya data. Akaiandika. Zege likakauka na shimo ndani yake. Juu dari inang'aa, umepaka na rangi, wageni wanakusifu. Mwezi wa tatu unafungua picha ya harusi ya shangazi, nusu ya juu ni watu, nusu ya chini ni kijivu kitupu. Unafungua folda, majina ya mafaili yamegeuka herufi za ajabu. Siku nyingine Windows yenyewe haiwaki. Na ni rahisi sana hapo kuilaumu Windows, au kulaumu virusi, kwa sababu ile 83 ulishaisahau.

Kadi ya sauti ilikuwa na adabu zaidi. Ikizidiwa ilikoroma na kukwaruza, ukasikia. Kadi ya mtandao ikazimika, ukaona. Diski ndiye aliyekaa kimya.

"Basi hao watu walipata faida gani kuharakisha hizo njia?"

Swali la mwenye akili huanza hivyo: faida iko wapi? Njoo tuitafute.

Njia ya wazee, ile PCI, kwa mwendo wake halali inapitisha megabaiti 133 kwa sekunde. Diski za nyumbani za mwaka 1998 hazikuweza kutoa hata robo ya hiyo. Sasa kuipandisha njia ifike karibu megabaiti 167 kulimsaidia nani? Diski ilikuwa inaleta makarai machache, na watu kwenye mstari walikuwa wamesimama mikono mitupu wakisubiri. Hata ungewapigia ngoma ya harusi, makarai hayaongezeki.

Njia ya picha je? AGP ya siku hizo, ile iliyoandikwa 2x, ilipokezana mara mbili kwa kila pigo, ikapitisha megabaiti 533 kwa sekunde. Lakini kadi nzuri ilikuwa na kumbukumbu yake yenyewe pale pale mgongoni. Chukua Riva TNT ya NVIDIA, kadi iliyotamba mwaka 1998. Ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 16, na njia ya ndani iliyopitisha zaidi ya megabaiti 1,700 kwa sekunde. Zaidi ya mara tatu ya AGP! Kwa hiyo kadi ilifanya kila iwezalo kutumia cha nyumbani, na kwenda AGP pale tu ilipopungukiwa. Ukiongeza robo kwenye njia ambayo haitumiki sana, mchezo unapata tone. Mara nyingi hata tone hilo lilitokana na prosesa, maana nayo ilikuwa imeharakishwa na ngoma ileile.

Wapo walioishi na njia ya picha iliyoharakishwa kwa sababu hawakuwa na namna. Prosesa za Pentium III za ngoma ya 133 zilipotoka, watu wakazipachika kwenye ubao wao wa zamani wa 440BX, ambao haukukusudiwa kufika huko. Wazee walikuwa salama, kwani kilikuwepo kigawanyo cha robo, na robo ya 133 ni 33. Lakini kwa mstari wa picha hapakuwa na kigawanyo cha nusu. Theluthi mbili za 133 ni karibu 89. Kadi ikapelekwa 89 badala ya 66, itake isitake. Baadhi ya kadi zilivumilia miaka. Nyingine ziliganda mchezo ukiwa umenoga. Wajanja wakaishusha kutoka 2x hadi 1x, yaani wapokezane mara moja tu kwa kila pigo, na kadi nyingi zilizokuwa zikiganda zikatulia. Mimi hao siwalaumu. Walijua nani anaumia, na walijua kwa nini.

"Mjomba, kwa hiyo kadi ya picha haiharakishwi kabisa?"

Inaharakishwa, tena kwa faida! Ila si kwa kuharakisha njia inayokwenda kwake. Kadi ya picha ina mpiga ngoma wake mwenyewe, ndani ya nyumba yake. Ukiongeza mwendo wa chipu ya kadi na wa kumbukumbu ya kadi, unaharakisha pale kazi inapofanyika. Na ukizidisha, kadi haifichi. Kioo kinatapakaa madoa, pembetatu za ajabu zinaruka hewani, uso wa mchezaji unavutika mpaka dirishani. Unazima, unarudisha mwendo wa zamani, unawasha. Picha ya shangazi iko salama, kwa kuwa makosa yalibaki kwenye kioo. Mimi nikiambiwa nichague kati ya kosa linaloonekana na kosa linalojificha, sihitaji kufikiri.

Kuna deni jingine lakini, nalo ni joto. Kila pigo linakula umeme kidogo, na umeme unageuka joto. Mapigo yakizidi, joto linazidi. Kibaya zaidi ni pale mtu anapoona chipu inasuasua, akaiongezea volti ili ijikaze. Volti haifanyi hesabu ya kujumlisha. Ongeza volti kwa asilimia 10, na hata kabla hujagusa mwendo, joto linalotokana na mapigo linapanda kwa asilimia 21. Zidisha 1.1 kwa 1.1 uone mwenyewe.

Na hapo vijana wa Dar es Salaam na Mombasa nawaomba masikio. Mtu wa nchi ya baridi anakuonyesha kwamba kadi yake imefika mbali bila tatizo. Pengine hasemi uongo. Chumba chake kina nyuzi 18. Chako mwezi wa pili kina nyuzi 32, na hewa ina chumvi, na feni imejaa vumbi la barabarani. Chipu inapoza mwili wake kwa hewa ya chumba. Hewa ikiwa na nyuzi 14 zaidi, nayo inakuwa na kama nyuzi 14 zaidi. Alichokifikia yeye wewe huenda usikifikie, na si kosa lako wala la kadi. Safisha feni kwanza. Nimeona kompyuta nyingi zilizohitaji brashi ya rangi ya shilingi chache kuliko zilizohitaji megahezi.

"Siku hizi bado wazee wanasumbuliwa?"

Waliotengeneza ubao waliwasikia. Mwaka 2002 NVIDIA ilitoa chipu za mazabodi zilizoitwa nForce2, na humo njia za AGP na PCI zikapewa mpiga ngoma wao. Ukaweza kumkimbiza kijana upendavyo, wazee wakabaki kwenye 66 na 33 zao. Wengine wakafuata. Kisha kuanzia mwaka 2004 ikaja njia mpya, PCI Express, ambayo ndiyo imo kwenye kompyuta yako ya leo. Ngoma yake ya msingi ni megahezi 100, lakini yenyewe inaikuza mara nyingi sana. Ya mwanzo ilifikia mapigo bilioni mbili na nusu kwa sekunde katika kila mstari, na toleo la tano limefika bilioni 32. Tena safari hii kila furushi la data lina namba ya ukaguzi. Likifika limeharibika linakataliwa, linatumwa upya.

"Basi hapo tunaweza kuharakisha tukitakacho!"

Taratibu! Fikiria hiyo ya kutumwa upya. Ukiharakisha njia mpaka mafurushi yaanze kuharibika, kila lililoharibika linarudia safari. Ngoma inakwenda mbio na kazi inakwenda polepole. Na mwaka 2011 Intel ilipotoa kizazi cha prosesa kilichoitwa Sandy Bridge, ikaturudisha kwenye ngoma moja. Pigo lilelile la 100 likawa linaongoza prosesa, PCI Express, njia ya diski na milango ya USB. Watu waliizoea ngoma ya kupandishwa kwa makumi, wakakuta hii inavumilia nyongeza ya asilimia chache tu, halafu diski inapotea au USB inakufa. Intel ilichofanya ni kuuza prosesa maalumu, zenye herufi K mwishoni, ambazo unabadilisha kizidishio chake peke yake. Unamwambia kijana, kwa kila pigo la ngoma wewe rusha makarai 45 badala ya 35. Wengine hawasikii kitu.

Ukiwa na prosesa ya namna hiyo, na feni nzuri, na mkubwa wako amekuruhusu, jaribu. Panda hatua ndogo. Jaribu kila hatua kwa muda mrefu, si kwa dakika mbili. Ukikwama, kompyuta isiwake kabisa, usilie. Kwenye mazabodi kuna pini za kufutia mipangilio, na kuna betri ndogo ya duara kama sarafu. Zima, chomoa waya wa umeme, itoe hiyo betri kwa dakika kadhaa, irudishe. Ngoma itarudi mwendo wake wa kiwandani. Ujue tu kwamba wauzaji wengi hawatambui dhamana ya kitu kilichoharakishwa.

Ile namba ya 100 ya PCI Express iache ilivyo. Faida yake ni ndogo kiasi kwamba hutaiona kwenye mchezo wowote, na wanaoweza kuumia ni wengi. Na leo hii, kabla hujafungua ukurasa wowote wa mipangilio, nakili kazi zako za shule na picha za nyumbani kwenye diski nyingine, uichomoe, uiweke kabatini. Ukishamaliza hilo, njoo na maswali mengine.